Kopo Lililoanguka Ubeti wa Tatu

Kila mji una kitu kimoja unachojivunia kwa sababu tu kimekwisha. Mji mmoja utakuonyesha reli ambako treni haipiti tena. Mwingine utakupeleka kwenye kiwanda kilichogeuzwa maghala, na mwenyeji wako atavua kofia kama yuko msibani. Mji huu ulikuwa na bendi. Kwa miaka kama kumi na miwili, enzi za suruali zilizopanuka chini kuliko akili za waliozivaa, kumbi tano za muziki zilijaa kila mwisho wa juma, na nyuma ya duka la baiskeli kulikuwa na studio moja ambako nyimbo zote zilirekodiwa. Ukitega sikio vizuri kwenye santuri za wakati ule, utasikia kwa mbali kengele ya baiskeli ikijaribiwa na mteja. Siku hizi kumbi mbili ni maegesho ya magari, moja ni kanisa, moja inauza vigae, na ya tano iliungua, kwa bahati nzuri ya mwenye nayo. Bendi zilipokufa zote, ndipo mji ulipoanza kuzipenda.

Mtu aliyetumwa na kampuni ya bima kukadiria hasara ya moto ule, akatembea katikati ya majivu na kidaftari mkononi na kuandika kwamba hakuna kilichobaki chenye thamani, ndiye leo mwenyekiti wa kikundi cha kuuhifadhi muziki wa mji. Alipostaafu alinunua ukulele, akawaita wenzake, na kwa kuwa hakuweza kuiacha kazi iliyomlisha miaka thelathini na mitano, akaendelea kudai ushahidi wa kila kitu. Nyuma ya mgongo wake walikonyezana na kumwita Bwana Ushahidi. Baadaye wakamwita hivyo hata mbele yake, maana waligundua anadhani ni sifa.

Kikundi kilijiita Nyuzi Nne. Kwa asiyeijua ukulele, ni gitaa lililofuliwa kwa maji ya moto likasinyaa. Wanachama walikuwa kumi na mmoja, wote wa umri ule ambao mtu akiinama kuokota kitu huangalia kwanza kama kuna kingine cha kuokota huko huko chini, asije akarudia safari. Walikutana Jumamosi alasiri ghorofani, juu ya duka la mapazia. Mwenye duka, Mama Pazia, alikuwa mwanachama na pia ndiye aliyeshika simu ya kurekodia. Chumba kilijaa marobota ya vitambaa toka sakafuni hadi darini, na vitambaa humeza sauti. Kwa jinsi walivyopiga, kumezwa ilikuwa heshima.

Kila juma mwanachama mmoja alileta marudio ya wimbo wa zamani, akaupiga, ukarekodiwa na kurushwa mtandaoni ili wapiga ukulele wa miji mingine wajue hapa palikuwa na watu. Sharti lilikuwa moja: wimbo uwe na uhusiano na mji, na uhusiano uthibitishwe kwa fomu. Fomu ilikuwa na vipengele tisa. Kwa fomu hiyo walikuwa wameukubali wimbo wa mwanamuziki wa mbali sana ambaye gari lake lilichemsha maji hapa, akakaa saa mbili gereji, akaondoka. Na kwa fomu hiyo hiyo walikuwa wamemkataa mwimbaji aliyezaliwa hapa hapa, hospitali ya wilaya, kwa sababu mama yake alikuwa anapita tu.

Mwanachama wa kumi na moja alikuwa fundi wa meno ya bandia.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi saa na duka la fotokopi. Mezani palikuwa na plasta, nta, taa ndogo ya spiriti, na vinywa ishirini hivi vya watu wasiokuwepo, vyote vimetabasamu. Kulikuwa na kadi yenye rangi kumi na sita za meno. Watu hudhani jino ni jeupe na habari imeishia hapo; Fundi alikuwa na weupe wa aina kumi na sita, na mtu mwenye weupe wa kwanza alikuwa hajapata kuzaliwa, lakini wote waliutaka huo. Yeye aliwaitikia, kisha akawapa wa tisa. Siri ya kazi yake ilikuwa kasoro. Jino moja alilipinda kidogo, lingine alilichubua ncha, na aliyekuwa na mwanya ujanani alirudishiwa mwanya wake. Meno yasiyo na dosari, alisema, hata kuku atajua si yako.

Meno ya juu ya Bwana Ushahidi, yote kumi na manne, yalikuwa kazi ya mikono yake. "Yafanye yaonekane yangu," mteja alinong'ona siku ile, ingawa chumbani walikuwa wawili na vile vinywa vya plasta. Yakafanywa. Na sasa kila Jumamosi Fundi alikaa juu ya robota la kitambaa akiyatazama meno yale yakitoa mhadhara juu ya uhalisia.

Aliingizwa kikundini na meno hayo hayo. Bwana Ushahidi alikuja kurekebishiwa moja lililokuwa linapiga mluzi kila akitamka "santuri", akaiacha ukulele juu ya meza. Fundi aliishika aisogeze, vidole vikakumbuka mambo ambayo havikuulizwa. Wiki iliyofuata alikuwa na yake.

"Baba watoto," mkewe alimwambia alipomwona nayo, "wenzako wakifika sitini na moja wanapata kisukari. Wewe umepata hiki. Basi nashukuru."

"Ni muziki, mama."

"Najua ni muziki. Ndiyo maana nimekwambia nashukuru, sijakwambia nimefurahi."

Lakini mkewe alijua, naye hakuendelea kumtania. Alijua kwamba mumewe hakuwa amegusa chombo chochote kwa miaka thelathini na minane, na alijua sababu.

Kaka yake Fundi, mkubwa wake kwa miaka sita, alikuwa na bendi. Haikuwa bendi kubwa, lakini ilitoa wimbo mmoja ambao mji mpaka leo unauimba harusini, baada ya watu kuvua viatu: "Ngazi ya Nyuma." Ni hadithi ya kijana anayekwenda kumwona msichana wake kwa siri. Ubeti wa tatu unasema:

Nikapanda ngazi ya nyuma, viatu viko mkononi,
Nikabisha kwa ukucha, moyo umenikaa kooni,
Ukafunguka taratibu: mama yuko mlangoni...

Halafu hakuna mstari wa nne. Kuna kishindo cha ajabu, kitu kama chuma kinachokohoa, kisha kimya, kisha kibwagizo kinaingia kama hakuna lililotokea. Kishindo na kimya hicho ndivyo vilivyoufanya wimbo uwe maarufu. Watu waliviandikia makala.

Kishindo kile kilikuwa Fundi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anapiga manyanga kwenye bendi ya kaka yake: kopo la kakao lililotiwa shanga za mkufu wa mama yao uliokatika. Walirekodi mara moja tu, kwa sababu fundi baiskeli alikuwa upande wa pili akisubiri kuchomelea fremu, na umeme wa jengo haukutosha studio na uchomeleaji kwa pamoja. Kwenye mazoezi kaka yake alikuwa akiimba "la la la" mahali pa mstari wa nne, akisema mstari upo, unakuja, msiwe na haraka. Siku ya siku, walipofika pale mlangoni, viganja vya mdogo vilikuwa vimelowa jasho. Kopo likaponyoka. Bendi ikashtuka na kusimama, mpiga ngoma akahesabu moja na mbili, wakaingia kwenye kibwagizo. Fundi baiskeli akagonga ukuta. Basi.

"Mstari wangu bora kuliko yote," kaka alisema wakiwa uani, akijifuta uso. "Niliuandika leo asubuhi."

"Ulikuwa unasemaje, kaka?"

"Ya nini sasa? Maji yakimwagika yamemwagika."

Alilisema hilo siku ile, akalisema kwenye harusi ya Fundi, akalisema kwenye kila ubatizo, kila mazishi, kila mkusanyiko wenye watu zaidi ya watano. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyeumeza mstari wangu. Kama si kopo lake, leo ningekuwa naitwa mheshimiwa." Watu wakacheka, Fundi akainamisha kichwa. Hata wodini, miaka minne iliyopita, siku tatu kabla ya kufa, marehemu alimwonyeshea Fundi kidole mbele ya muuguzi: "Dada, ukimpa huyu dawa zangu azishike, ataziangusha." Fundi alikuwa ameacha muziki siku ile ile ya studio, akaenda kujifunza kazi ambayo kitu kikianguka, kinachovunjika ni cha mtu mmoja tu.

Sasa ikaja barua pepe. Kikundi cha ukulele cha mji wa mbali kiliomba kubadilishana: sisi tuwatumie wimbo mmoja wa kwetu, nanyi mmoja wa kwenu. Nyuzi Nne wakachagua "Ngazi ya Nyuma," wote kumi na mmoja kwa pamoja, na Bwana Ushahidi akaja na saa ya kupimia wanariadha.

"Sekunde mbili na robo," alitangaza. "Nimepima mara arobaini. Kimya hiki ni cha aibu, ndugu zangu. Kijana amefumaniwa na mama mkwe. Mtunzi amekusudia. Anayekigusa kimya hiki amemgusa mtunzi."

Kuhusu kishindo, walijaribu majuma matatu: kifuniko cha sufuria, spana, kengele, funguo kwenye bakuli. Wakaafikiana kwa kura juu ya kijiko kinachogongwa kwenye sahani. Mama Pazia akaleta sahani.

Shida ilikuwa Fundi. Kila walipofika pale mlangoni, wenzake wakasimama kama askari, mkono wake ukaendelea kukwangua nyuzi. Mkono uliujua wimbo kama ulivyofanyiwa mazoezi, na kwenye mazoezi pale palikuwa na mstari. Mara ya tano Bwana Ushahidi alishusha saa.

"Fundi, ndugu yangu. Kunyamaza nako kunahitaji kipaji?"

"Pale pana mstari, Mwenyekiti."

"Mstari gani?"

Fundi aliiweka ukulele magotini. Hakuwa amepanga kusema. "Mtunzi ni kaka yangu. Nilikuwepo. Kile kishindo si aibu wala nini, ni kopo la kakao. Niliangusha mimi."

Chumba kilinyamaza, tena vizuri zaidi ya sekunde mbili na robo. Kisha mtu akacheka, Mama Pazia akasema "Ehee, na mimi ndiye mama mkwe," na Bwana Ushahidi akatoa jalada la santuri kutoka kwenye mfuko wa nailoni alimolihifadhi kama cheti cha ndoa.

"Wanamuziki watano," alisoma. "Gitaa, gitaa, besi, ngoma, mwimbaji. Manyanga hakuna. Jina lako halimo."

"Hawakuandika manyanga."

"Kwa hiyo ushahidi ni wewe, unayejishuhudia mwenyewe." Alimpigapiga begani kwa huruma ile ambayo watu wa bima huitumia kabla ya kukataa madai. "Nikuambie. Leta mstari, kwa mwandiko wa mtunzi, kabla ya Jumamosi. Ukiuleta, tutauimba, nami nitakuomba radhi mbele ya watu. Usipouleta, utamshikia Mama Pazia simu, naye apige nafasi yako. Haki bin haki."

Fundi alishuka ngazi akiwa na jambo moja tu kichwani. Kupiga au kutopiga kwenye rekodi hakukumsumbua sana. Lakini mstari! Kama upo mahali kwa mwandiko wa kaka, basi angeweza kumrudishia marehemu kitu alichomnyang'anya, wimbo ukaenda hadi mji wa mbali ukiwa mzima, na labda, akikaa mezani na ukoo, akainua kichwa.

Mwenye vitu vya marehemu alikuwa mjane wake, karani wa posta mstaafu, aliyeishi ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake iliandikwa "inatengenezwa" kwa maandishi yaliyokwisha kufifia. Fundi alifika juu akihema. Shemeji yake alifungua mlango na pasi mkononi.

"Karibu, shemeji. Umekonda, au ni lile shati la marehemu?"

"La marehemu. Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa ufutie vumbi. Kaa. Usikae hapo, nimetandika nguo. Na hapo pia usikae."

Fundi akabaki amesimama, akaeleza: Nyuzi Nne, mji wa mbali, saa ya wanariadha, mstari wa nne. Shemeji aliendelea kunyoosha kola moja muda mrefu kuliko kola inavyohitaji. Kisha alizima pasi, akaenda kwenye droo ya balbu na betri zilizokufa, akatoa daftari la shule lenye jalada lililoliwa pembe.

Ukurasa wa "Ngazi ya Nyuma" ulikuwa katikati. Ubeti wa kwanza safi, wa pili safi. Wa tatu, mistari mitatu safi. Chini yake palikuwa shamba lililolimwa na nguruwe: majaribio kumi na saba, Fundi aliyahesabu, yote yamekatwa kwa hasira mpaka karatasi imetoboka. Mwisho kabisa hapakuwa na maneno. Marehemu alikuwa amechora mlango.

"Uko wapi?" Fundi aliuliza.

"Nini?"

"Mstari."

"Huo hapo. Haupo."

"Aliniambia aliuandika asubuhi ile."

"Asubuhi ile," alisema shemeji, "kaka yako alijifungia chooni na daftari hili, mimi nagonga, nachelewa kazini, yeye ananijibu kupitia mlango: 'Nikifika pale nitajifanya nakohoa.' Huo ndio uliokuwa mpango wa msanii wako. Kukohoa."

Fundi akakaa, juu ya nguo zilizonyooshwa. Shemeji hakumwinua.

"Sikiliza. Alihangaika mwezi mzima. Unajua kwa nini haukuja? Kwa sababu wimbo ule hakuutunga, ulimtokea. Ngazi ni ya kwetu, viatu ni vyake, mama ni mama yangu. Na mama hakusema neno! Alimtazama kutoka unyayo hadi utosini, akarudi naye taratibu hadi unyayoni, kisha akafunga mlango. Mlango wa bati ule. Ukalia mtaa mzima. Sasa wewe, hapo utaandika nini?"

"Kwa hiyo kopo..."

"Alirudi jioni anacheka mpaka anashika ukuta. 'Mke wangu, mdogo wangu ameniokoa! Ameangusha kopo pale pale! Na limelia kama mlango wa mama yako!' Nilidhani mmekula njama."

Fundi aligeuza kurasa za daftari mbele na nyuma kama vile huenda miaka thelathini na minane imejificha ukurasa unaofuata. "Mbona hamkuniambia, shemeji?"

Shemeji alitazama pasi. "Alivyokuwa anasema, nilijua anakutania. Na wewe ulivyokuwa unainamisha kichwa, nikajua nawe unamtania kwa kuinamisha. Nikasema hawa ndugu wana mchezo wao." Akaigeuza ile kola. "Halafu shemeji, kaka mkubwa akikiri kaokolewa na mdogo wake, mezani atakalia kiti gani?"

Kuna hasira ambazo mtu hajui azipeleke wapi kwa sababu mwenyewe amezikwa. Fundi alifikiria kwenda makaburini na kopo lile, akaliangushe juu ya saruji mara moja tu, kwa heshima. Badala yake akasikia kifua kinamtikisika, akadhani analia, kumbe ni kicheko, cha aina ile ile iliyomshikisha kaka yake ukuta. Na katikati ya kicheko likamjia jambo lililomchoma kuliko yote. Bwana Ushahidi alikuwa sahihi. Bila kuwepo, bila kujua, kwa kupima tu na saa ya wanariadha, yule mtu na meno yake ya bandia alikuwa amepata kila kitu: kimya, aibu, mama mkwe. Mungu huwapa wengine ukweli kama anavyowapa mbu damu.

"Jumamosi twende wote," alimwambia shemeji. "Ukausikie ukiimbwa na watu wasioweza."

Kopo lenyewe lilikuwa nyumbani. Halikuwahi kutupwa, mkewe aliliwekea vifungo. Jumamosi asubuhi Fundi alivimwaga vifungo kwenye kikombe, akatia tena zile shanga, ambazo muda wote zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la vifaa vya kazi, pamoja na kadi ya weupe kumi na sita.

"Na vifungo vyangu vya blauzi sasa vitakaa wapi?" mkewe alisema. Kisha akaona uso wake. "Nenda. Usiliangushe."

"Kazi yake ndiyo hiyo, mama. Kuanguka."

Ghorofani juu ya duka la mapazia, watu walikuwa wamevaa mashati ya rangi moja. Fundi alimtambulisha shemeji yake kama mgeni tu, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango. Palikuwa pamejaa marobota, na mlango ule, wa kutokea ngazi ya nyuma, ulikuwa wazi ili hewa ipite.

"Umeleta?" aliuliza Bwana Ushahidi.

"Mstari haupo. Ulikuwa sahihi, Mwenyekiti. Ni kimya."

Bwana Ushahidi alilipokea hilo kama mtu aliyerudishiwa chenji yake. "Nafurahi kwa moyo wako wa uanamichezo. Basi piga na wewe; simu itakaa juu ya robota."

"Lakini kishindo si kijiko. Ni hiki." Akalitoa kopo. Akaliangusha sakafuni. Shanga zikakohoa ndani ya bati, sauti ile ile ya studio.

Mwenyekiti aliinua kidole, akasikiliza nakala ya santuri kwenye simu, akaomba kopo liangushwe tena. Akasikiliza. Akafumba macho. Akashauriana na wawili walio karibu. Angekuwa jaji wa chakula, angetema.

"Linakaribia," alisema hatimaye. "Nakubali linakaribia. Lakini halina ule uhalisia. Kijiko kina uhalisia."

Wakapiga kura. Kijiko kikapata tisa. Mama Pazia hakupiga, alikuwa anaweka simu juu ya robota. Fundi alilirudisha kopo mfukoni na, kwa mshangao wake mwenyewe, hakuinamisha kichwa.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama, kwa maana kwamba walimaliza wote siku moja. Wa pili mtu alipotea, akarudi. Wa tatu, vidole vya Fundi vilikuwa vyepesi. Viatu viko mkononi. Moyo umenikaa kooni. Mama yuko mlangoni. Na mkono wake ukasimama wenyewe, bila amri, kama umefika mahali ulipokuwa unapatafuta.

Mwenye kijiko akainua kijiko. Kabla hajakishusha, mlango ukafungwa.

Ulifungwa kwa mkono mmoja, na mwanamke aliyewahi kusimama nyuma ya mlango kama ule akiwa na miaka kumi na tisa, akimsikia kijana wake anashuka ngazi pekupeku. Ulilia mpaka sahani ikatikisika. Marobota hayakuweza kuumeza. Sekunde mbili na robo zikapita, labda tatu, hakuna aliyehesabu. Kisha kibwagizo kikaingia, wote kumi na mmoja kwa pamoja, kwa mara ya kwanza katika historia ya Nyuzi Nne.

Walipomaliza Bwana Ushahidi aligeuka, uso umeiva. "Nani amefunga mlango?"

"Upepo," alisema shemeji.

Hapakuwa na upepo. Lakini Mama Pazia alikuwa tayari amerudisha rekodi nyuma, na wote wakainama juu ya simu. Pale mlangoni, kishindo. Wakasikiliza mara tatu. Polepole, kama jua linapotoka kwa mtu asiyestahili, uso wa Mwenyekiti uling'aa.

"Ndugu zangu," alisema. "Ni mlango! Siku zote ulikuwa mlango! Mtunzi alifunga mlango studio!" Akafungua rejista ya kikundi, akaweka kalamu mdomoni kwa mawazo, akaiuma kwa furaha, akaandika: Chombo: mlango. Kwa masikio ya Fundi, sauti ya mlango na ya santuri zilifanana kama jino na kiazi. Alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa ametazama dari, midomo imebanwa, mabega yanacheza.

Rekodi ilipendwa na mji wa mbali. Wakaandika kwamba wao pia watajaribu na mlango.

Jumatatu Bwana Ushahidi alikuwa kwenye kiti cha karakana, kiganja kimefunika mdomo. Kalamu ile ilikuwa imempasulia jino la tatu la juu, na safu nzima ilibidi itengenezwe upya. Fundi alimvua meno, akakoroga uji wa kuchukulia alama ya kinywa, akaujaza kwenye sahani ya chuma, akamwingizia taratibu.

"Usifungue, usiongee, dakika nne," alisema. Akavuta stuli, akakaa. "Sasa nikusimulie habari ya kopo."

Akamsimulia. Jasho, fundi baiskeli, la la la, choo, kukohoa, daftari lenye mlango uliochorwa, mama aliyetazama kutoka unyayo hadi utosini. Bwana Ushahidi alisema "Mm," kisha "Mm-mm," kisha "Mmmh!" na macho yakamtoka. Fundi hakuharakisha. Alikuwa na dakika nne, akazitumia tano.

Alipoitoa sahani, mteja alisukutua, akafuta kidevu, akafikiri. Bila meno alionekana mtu wa kuonewa huruma, mwenye mashavu ya mjomba wa mtu.

"Lakini," alisema, akitafuta herufi zake mahali zilipokuwa zamani, "jina lako halimo kwenye jalada."

Fundi aliinua alama ya kinywa juu ya taa, akaigeuza, akaitazama vizuri kila upande.

"Hata kwenye meno yako halimo," alisema.

Kikafuata kimya kizuri, ambacho safari hii hakuna aliyekipima.